Matofali ya plastiki kwenye semina: mchezo, uigaji au kazi?

Washiriki wamekaa, mgeni rasmi ameshafungua warsha na kuondoka, na sasa mwezeshaji, badala ya kusogeza bango kitita, anamimina mezani rundo la matofali ya plastiki ya rangi rangi, yale madogo ya LEGO wanayochezea watoto. Kuna atakayecheka. Kuna atakayetazama saa. Na hakosekani mzee mmoja wa idara ya fedha atakayeuliza, kwa adabu zote, kama siku hizi bajeti ya mafunzo ndiyo inakwenda huku.

Swali la mzee ni la haki, ila halina jibu moja. Matofali haya hutumika kwenye mafunzo kwa namna tatu zisizo na undugu wa karibu. Kuna anayeyatumia kuchangamsha ukumbi. Kuna anayeyatumia kuigiza kazi yenyewe, iwe kiwanda au mradi, ili watu waone kosa kabla halijawala fedha. Na kuna anayeyatumia ili watu waseme jambo ambalo kwenye kikao cha kawaida lisingesemwa. Ubishi mwingi kuhusu matofali, wa wanaoyasifu kupita kiasi na wa wanaoyabeza, hutokana na kuzichanganya hizo tatu. Taasisi imelipia ya tatu, ikapewa ya kwanza, halafu inaambiwa mbinu ndiyo hiyo.

Ilikotoka

Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Ilianza na vitu vya kuchezea vya mbao. Matofali ya plastiki yalikuja 1949, na umbo tunalolijua leo, lenye vinundu juu na mirija ndani inayobana, liliombewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, tarehe 28 Januari 1958. Vipimo havijabadilika tangu hapo, kwa hiyo tofali la mwaka huo linashikana na la leo bila matata.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ilikuwa mikononi mwa mjukuu wa mwanzilishi, Kjeld Kirk Kristiansen, naye alikuwa na kero ambayo wakurugenzi wengi wanaijua: vikao vya mkakati vilizaa makaratasi, mawazo hayakuonekana. Maprofesa wawili waliokuwa wakifundisha katika chuo cha biashara cha IMD, Lausanne, Uswisi, Johan Roos na Bart Victor, walikuwa wakiumizwa kichwa na jambo hilohilo. Wakajiuliza kwa nini kampuni inayowaambia watoto wajenge wanachokiwaza iwafungie mameneja wake chumbani na jedwali za tarakimu.

Majaribio ya mwanzo hayakuleta kitu. Kumpa meneja matofali na kumwambia ajenge mkakati ni sawa na kumpa karatasi tupu. Atajenga mnara, ataweka bendera juu, basi. Aliyekaa na tatizo hilo mpaka likatatulika ni Robert Rasmussen, mkuu wa utafiti katika tawi la elimu la kampuni, ambaye aliirudiarudia mbinu hadi ikapata hatua ambazo mwezeshaji mwingine naye angeweza kuzifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaingia sokoni kwa jina la LEGO Serious Play, na mwaka 2010 kampuni ikaachia mwongozo wa msingi utumike na yeyote chini ya leseni ya Creative Commons. Vyeti vya uwezeshaji unavyoviona leo hutolewa na wakufunzi na vyama vyao. Ukionyeshwa cheti, uliza aliyefundisha ni nani na ameendesha vikao vya aina gani.

Matofali ya jaribio lililoshindwa na ya lile lililofaulu yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni swali na utaratibu, na hapo ndipo penye thamani yote ya mbinu hii.

Bata na kiwanda

Namna ya kwanza, kichangamshi, haina mengi. Mfano wake maarufu ni bata: kila mshiriki anapewa vipande sita, vya njano na vyekundu, ajenge bata kwa dakika moja. Yatatoka mabata ya kila sura, na mwezeshaji atauliza ilikuwaje agizo moja likazaa ndege wengi hivyo. Kwa mwanzo wa siku inatosha. Akitaka kuongeza chumvi anaweza kutaja hesabu ya mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen: matofali sita yaliyo sawa, ya vinundu nane na ya rangi moja, yanaunganishika kwa njia 915,103,765. Kampuni yenyewe kwa miaka mingi ilitangaza 102,981,500, kumbe ilikuwa imehesabu minara ya ghorofa sita tu.

Namna ya pili ni uigaji, na hapa matofali ni matofali, hayamaanishi kitu kingine. Weka watu watatu kwenye meza, kila mmoja aongeze sehemu yake kwenye kijumba: msingi, kuta, paa. Kila hatua ichukue sekunde 10. Mzunguko wa kwanza, kila mtu amalize vijumba vitano ndipo apitishe kwa mwenzake. Mteja atasubiri sekunde 150 kabla ya kupata hata kimoja. Mzunguko wa pili, wapitishe kimoja kimoja. Kijumba cha kwanza kinatoka sekunde ya 30, na cha tano sekunde ya 70. Hakuna aliyeongeza kasi. Nimeona wahasibu waliokuwa wakilimbikiza hati za malipo hadi Ijumaa wakikitazama kile kijumba cha kwanza kwa jicho la mtu aliyekumbuka jambo. Wakufunzi wa programu za kompyuta nao wana zoezi lao la kujenga mji mzima kwa awamu fupi fupi, kila awamu “mteja” akija kukagua na kukataa nusu ya kazi.

Uigaji ni mafunzo mazuri, na una jibu: mwezeshaji anajua tangu asubuhi watu watajifunza nini. Namna ya tatu, ambayo ndiyo LEGO Serious Play yenyewe, haina jibu la mkononi, na mwezeshaji anayeingia nalo ameshaiharibu.

Faili la mapokezi

Tuseme kuna kituo cha afya ambacho wagonjwa wanalalamika kuchelewa. Kikao cha kawaida tunakijua. Mganga mfawidhi anaongea, wauguzi wanatikisa vichwa, mtu wa maabara anasema vitendanishi havitoshi, na katibu anaandika kwenye muhtasari kwamba watumishi wahimizwe kuwahi kazini. Mwezi ujao kinarudiwa kikao kilekile.

Sasa waketishe watu hao wanane kwenye meza moja yenye matofali. Huanzi na tatizo. Unaanza na mazoezi mawili matatu ya kulegeza mikono: jenga mnara, kisha chukua kipande chochote utuambie kwa nini hicho ni Jumatatu asubuhi. Zoezi la pili linaonekana la kitoto, ila ndilo linalofundisha siri ya kazi nzima, kwamba gurudumu laweza kuwa haraka, ngazi ikawa cheo, na tofali jeusi likawa lolote ambalo mwenyewe atasema. Ukiliruka, watu watajenga picha ya jengo la kituo na madirisha yake, na utashinda hapo unatazama ramani.

Kisha hatua nne. Ya kwanza ni swali: “Jenga safari ya mgonjwa kama unavyoiona ukiwa kwenye kiti chako.” Ya pili, kila mtu anajenga, kimya, kama dakika sita. Asiyejua aanzie wapi aunganishe vipande viwili vyovyote, mkono utamwonyesha njia. Ya tatu, kila mtu anasimulia jengo lake, hakuna anayerukwa. Ya nne ni maswali na kutafakari.

Karani wa mapokezi amejenga ukuta wenye kidirisha. Nyuma yake kuna kijitu kimoja, mbele yake matofali meusi yamepangwa mstari. Juu ya ukuta, pembeni kabisa, kuna tofali jeupe limekaa nusu nusu, linataka kuanguka. Anasimulia ukuta, anasimulia foleni, anamaliza. Jeupe hakulitaja.

“Na hili jeupe hapa juu?” anauliza mwezeshaji.

“Ah, hilo faili. Likishatoka kwangu silijui tena liko wapi. Mgonjwa akirudi kuuliza namwambia asubiri, lakini hata mimi sijui anasubiri nini.”

Mganga mfawidhi anainama, analitazama. “Dada yangu, huu ukuta umeujenga wewe au umeukuta?”

“Nimeukuta, Daktari.”

Watu wanacheka, kisha wanatazama majengo yao. Daktari amejenga daraja lenye wagonjwa wanaovuka. Mfamasia amejenga rafu tupu. Muuguzi amejenga milango mitatu. Katika majengo manane, faili limo kwenye moja tu. Kituo kizima kinaendeshwa na karatasi ambayo kichwani mwa watu saba haipo, na sasa hilo linaonekana kwa macho.

Kanuni zinazowezesha hayo ni chache. Wote wanajenga na wote wanasimulia, bosi akiwemo. Maana ya jengo ni ya aliyelijenga: mwenzako akisema nyekundu ni furaha, usimwambie nyekundu ni hatari. Na maswali huulizwa jengo, haulizwi mtu. “Mbona kidirisha ni kidogo hivi?” linajibika. “Mbona mnawachelewesha wagonjwa?” linamfanya karani ajitetee, na akishaanza kujitetea hutasikia habari ya faili.

Watu wa pwani wanaijua njia hii zamani. Mwanamke mwenye neno na jirani yake hutafuta kanga yenye jina linalofaa, akajifunga akapita. Neno limefika na hakuna aliyetukanwa. Jengo la matofali linasitiri vivyo hivyo: karani hakumwambia bosi wake kwamba mpangilio wa kituo ni mbovu, amesema tu habari za tofali jeupe. Tofauti ni kwamba kanga humaliza maneno, na jengo linayaanzisha, kwa sababu linaweza kuulizwa likajibu.

Kwa ofisi zetu hili si dogo. Tumelelewa kumwachia mkubwa neno la kwanza, na akishalisema wadogo hawana la kuongeza. Kwenye meza ya matofali kila mtu ameshajenga kabla bosi hajafungua mdomo, na ni vigumu kubomoa jengo haraka haraka ili lifanane na la mkuu. Mimi hupendelea mkubwa asimulie wa mwisho. Wapo wanaotaka aanze ili kuwatoa wengine hofu, lakini sijaona hofu ikitoka kwa njia hiyo.

Habari ya ubongo

Utawasikia wawezeshaji wakisema asilimia 80 ya seli za ubongo zimeunganishwa na mikono, ndiyo maana mtu akijenga anafikiri vizuri zaidi. Tarakimu hiyo iachwe. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na takriban bilioni 69 kati ya hizo, yaani kama asilimia 80, ziko kwenye serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni unaoratibu mambo mengi, si mikono peke yake. Kilicho kweli ni kwamba mkono umepewa eneo kubwa kuliko ukubwa wake kwenye sehemu za ubongo zinazoendesha misuli na kupokea hisia za ngozi. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Wilder Penfield, alikwisha kuonyesha hilo katika miaka ya 1930 alipokuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa huko Montreal. Ni ugunduzi mkubwa, ila hausemi kwamba kushika plastiki kunaleta mkakati.

Sababu zinazoshikika ni nyepesi zaidi. Kujenga kunampa kila mtu dakika za kufikiri kabla ya kusema, na vikao vyetu vingi havina dakika hizo. Jengo linabaki mezani, kwa hiyo hoja ya aliyesema kwanza haisahauliki mpaka wa nane afike. Na mtu anayejenga hugundua anachofikiri akiwa anakijenga. Hili la mwisho lilikuwa wazo la Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi na mwanasaikolojia wa watoto Jean Piaget mjini Geneva kabla ya kuhamia chuo cha MIT, Marekani. Alishikilia kwamba maarifa hukaa vizuri zaidi pale mtu anapounda kitu ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Kampuni ya Billund ilikuwa ikifadhili kazi yake tangu miaka ya 1980, na mbinu hii imesimama juu ya wazo hilo.

Baada ya majengo ya mtu mmoja mmoja huja jengo la pamoja. Kila mshiriki anakata kipande cha jengo lake asichotaka kipotee, na kikundi kinaunganisha vyote kuwa kimoja. Sehemu ngumu ni nani akae katikati, na ugomvi huo ndio kazi yenyewe. Likishakamilika, mwezeshaji anatia tukio: dawa hazijaletwa miezi miwili, sehemu ipi inaanguka kwanza? Watu wanasogeza vipande huku wakibishana, na ubishi wa namna hii ni rahisi kuusikiliza kuliko ule wa mdomo mtupu.

Mtu na kocha wake

Kwa ukocha wa ana kwa ana idadi ya vipande hupungua. Thelathini au arobaini vinatosha, na vikizidi mteja anapotelea kwenye kuchagua. Swali la kawaida ni jijenge ulivyo kazini leo, kisha jijenge unavyotaka kuwa mwakani, halafu weka katikati kilichozuia. Jengo la katikati ndilo lenye habari. Meneja aliyekaa mwaka mzima akisema “nakosa muda” hujenga lango, na ukimuuliza ufunguo uko wapi, unakuta upo mfukoni mwa kijitu chake mwenyewe.

Kocha asijaribu kufasiri. Mteja akiweka kijitu bila kichwa, uliza tu, na akisema kichwa hakikupatikana kwenye rundo, amini. Na kama jengo limefungua jeraha, msiba au ukatili wa nyumbani, hapo ukocha umeisha na mtu anahitaji mshauri nasaha aliyesomea.

Inapogoma

Kwanza muda. Watu wanane wakijenga dakika sita, kila mmoja akapata dakika mbili za kusimulia na mbili za maswali, swali moja limekula dakika 38. Ukumbi wa watu 40 kwa utaratibu huohuo ungehitaji dakika 166. Kwa hiyo anayekuahidi kuendesha mbinu hii peke yake, kwa watu 40, kwa saa moja kabla ya chai, anakuuzia bata. Mwezeshaji mmoja kwa watu wasiozidi dazeni ni kipimo kinachotekelezeka.

Pili, usiitumie pale uamuzi umeshafanyika. Menejimenti ikiwa imekwisha kuamua kupunguza watu, kuwaita wajenge “mustakabali wetu” ni dhihaka, na watu hawasahau. Afadhali tangazo kavu.

Tatu, mikono. Mshiriki mwenye baridi yabisi vidoleni atateseka na vipande vidogo, na hatasema. Weka kando matofali makubwa ya watoto wadogo.

Halafu kuna gharama. Seti rasmi ni ghali, na kwa vikundi vingi vya huku hazina haja. Hataza za awali zimekwisha muda, na mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali lile lisajiliwe kama alama ya biashara, kwa hiyo viwanda vingine vinatengeneza yanayoshikana nalo na vinayauza kihalali. Ya bei ya chini mno huwa hayabani sawasawa, na jengo linaloporomoka mikononi mwa mkurugenzi wakati anasimulia linaua hoja. Nunua machache ujaribu. Tafuta mchanganyiko: vijitu, magurudumu, ngazi, minyororo, milango, wanyama wachache. Matofali ya mraba matupu yanazaa kuta tupu.

Hata bila plastiki inawezekana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mbinu za uchambuzi shirikishi zilizohusishwa sana na jina la Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo ya vijijini, zimekuwa zikiwaketisha wanavijiji wa Kenya na nchi nyingine wapange ramani ya kijiji chini, kwa mawe, majani na mbegu, na Tanzania ikatumia ramani za namna hiyo kwenye utaratibu wake wa kupanga maendeleo na wananchi uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Visoda, magunzi na udongo wa mfinyanzi vitafanya kazi ileile ikiwa swali ni zuri na kila mtu anapewa zamu. Vinachozidiwa na tofali ni kushikana: unaweza kulinyanyua jengo, kuligeuza na kulipeleka meza ya pili bila kumwaga nusu yake njiani.

Mwisho wa siku, piga picha ya kila jengo na uandike chini yake sentensi ya mwenyewe kama alivyoisema, usiisafishe. “Silijui tena liko wapi” ina nguvu kuliko “changamoto katika usimamizi wa kumbukumbu”. Pembeni ya jengo la pamoja andika nani atafanya nini na kabla ya tarehe ipi. Kubomoa aanze mwenye jengo, asimbomolee mtu mwingine. Wapo watakaotaka kubaki nalo mezani wiki nzima, na kama vipande vinatosha waachie. Kabla ya kufunga mfuko hesabu vijitu na magurudumu, maana hivyo ndivyo hupotea kwanza.